Nilifungia Samaki Michoro ya Mwanangu

Dada Selestina mshauri wetu, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, hata kama nitazunguka.

Kwanza pokea salamu za hapa kwetu Kamunyonge, Musoma. Mimi Nyangi ni mzima wa mwili. Mume wangu Masatu ni mzima, yuko Bunda anajenga nyumba ya mtu, ananipigiaga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Mama mkwe wangu, bibi Bhoke, aliyekuja kutoka Butiama tangu Pasaka kwa ajili ya miguu yake, naye anakusalimia japo hajui kama naandika. Binti yangu Matrida, kidato cha pili, ni mzima ila ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Gasper wetu wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, anakusalimia kwa kupuliza mate. Hata kuku mwenye vifaranga hajambo. Sisi hatujui hali zenu huko, tunaomba ziwe njema, wewe na wote unaofanya nao kazi.

Mimi nauza samaki wa kukaanga na mihogo hapa barazani, na nawafungia kwenye magazeti ya zamani ninayonunua kwa kilo kule Mwisenge, na kabla sijafunga huwaga natafuta ukurasa wako kwanza, nausoma polepole kwa sababu shule niliishia darasa la nne, wateja wananung'unika lakini wameshanizoea. Ndiyo nilivyokujua.

Sasa dada, mwaka huu shuleni kwa Matrida amekuja mwalimu wa kuchora, anaitwa Mwalimu Felisian, na mimi nilidhani kuchora ni kumpa mtoto maua na bendera akapaka rangi, kumbe huyu mwalimu wiki tatu za kwanza hakuwaruhusu hata kufuta, aliwaambia wachore mkono wao wenyewe bila kuangalia karatasi, macho yakae kwenye mkono tu na penseli itembee polepole kama siafu, na akawapa kazi ya nyumbani kwamba kila siku kwa mwezi mzima wachore kitu kimoja cha nyumbani au mtu wa nyumbani, na sheria yake ni moja, angalia mara kumi, chora mara moja. Karatasi za kuchorea shule haina, kwa hiyo amewagawia karatasi za mitihani ya zamani, upande mmoja una maswali, wanachora upande mweupe.

Basi Matrida akaanza kuangalia. Aliangalia sufuria mpaka ugali ukaungua. Akaja kwa bibi yake. Na wewe unajua dada, kwetu mtoto akisimama mbele ya mkubwa macho yake yanakaa chini, ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyomlea, sasa huyu anakaa na karatasi anamkodolea bibi macho nusu saa bila kusema kitu. Bibi alivumilia siku mbili, ya tatu akaniita akasema, "Mama Matrida, huyu mtoto ananikagua kama ng'ombe wa mnadani. Mwambie meno yangu yamebaki manne, asije akanifungua mdomo." Nikamgombeza Matrida, akalia, lakini akaendelea, anamchungulia bibi kutokea nyuma ya mlango.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Siku moja wateja walikuwa wengi na magazeti yakaniishia, nikaingia ndani haraka haraka, nikaona juu ya kabati bunda la karatasi zimelazwa kifudifudi, nikaona maswali ya mtihani, a, b, c, nikasema hizi za zamani, nikazibeba zote. Sikugeuza hata moja. Nikafungia sato, nikafungia mihogo, watu wakala wakaenda zao.

Jioni akaja Clementi, kijana wa bodaboda, mteja wangu wa kila siku, ameshika karatasi imelowa mafuta, akaninyooshea akasema, "Mama, mkono wako huu umekuja kufanya nini kwenye samaki wangu?" Nikadhani ananitania, maana huyo utani ndiyo kazi yake ya pili. Nikaipokea.

Dada Selestina, kilikuwa kidole changu. Kidole changu kidogo cha kushoto kimepinda tangu utoto, kwenye picha zote huwaga nakificha kwenye khanga, hata ya harusi, na pale kilikuwepo kimeshika kisu, na yale makovu ya miiba ya samaki yote, na kucha iliyopasuka, na maji yanadondoka. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye karatasi, nikainyanyua kwenye mwanga, na mkono ukawaka, na nyuma yake maswali ya mtihani yanaonekana kama mishipa. Nilikaa chini. Mkono ulikuwa unafanya kazi na mimi nimekaa. Nikajiuliza mtoto ameona haya yote lini, mimi nina mkono huu miaka thelathini na nane sijauona hivyo. Na haukuwa mbaya, dada. Kidole kimepinda lakini kimekaa pale kama mtu aliyealikwa.

Ndipo nikakumbuka zile nyingine. Mwezi mzima. Sina hata moja, zimekwenda na mifupa jalalani.

Matrida aliporudi akazitafuta, nikaogopa, nikasema sijui. Akaangalia huku na huku, mpaka kwenye majivu ya jikoni, halafu akamgeukia bibi yake akamwambia, "Bibi, kama hukutaka kuangaliwa ungesema tu. Usingechoma." Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Sasa hawasemeshani, siku ya tisa hii. Matrida anaweka chakula cha bibi mezani anaondoka. Juzi tumebaki wawili, bibi akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Matrida, hebu nikumbushe, hizo karatasi nilichomea wapi?" Halafu akaniangalia usoni, vilevile kama Matrida anavyoangalia, mara kumi, na mimi mtu mzima nikaangalia chini. Anajua. Na amesema mwisho wa mwezi anarudi Butiama, miguu ipone isipone.

Nikasema niende kwa mwalimu nimwambie yeye kwanza. Nilipofika kipindi kilikuwa kinaendelea, nikasimama dirishani. Mwalimu ameweka kiti kibovu juu ya meza, watoto arobaini wamekizunguka, kimya kuliko kanisani, akawaambia, "Msichore kiti. Choreni hewa iliyopo katikati ya miguu yake." Nikasema moyoni huyu ana kichaa. Halafu nikaangalia na mimi. Dada, katikati ya mguu na mguu kulikuwa na umbo, kabisa, lina kona zake, limekaa pale siku zote na mimi nakaliaga viti kila siku. Na watoto wakapaka hewa nyeusi, umbo moja, umbo la pili, na kiti kikatokea chenyewe cheupe, hakuna aliyekigusa. Matrida peke yake karatasi yake ilikuwa tupu, ameficha mikono kwapani. Nikashindwa kubisha hodi. Nilirudi kwa miguu naangalia anga iliyobanwa katikati ya mawe makubwa, kila penye mawe mawili naona la tatu la hewa, nalia njiani kama mjinga.

Sasa nifanyeje? Nikisema, mtoto atajua mama yake ni mwongo na kazi yake imeliwa na samaki, naogopa hataniangalia tena. Nisiposema, bibi ataondoka na mzigo wangu, na siku ya wazazi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kazi zinabandikwa ukutani na Matrida hana kitu. Ile karatasi moja nimeificha ndani ya Biblia. Nijibu upesi dada, gazeti la kwanza tu litakalotoka, safari hii nitanunua jipya, sio la kilo, nasubiri.

Mimi Nyangi, Mama Matrida, Kamunyonge.

*

Mama Matrida,

Salamu zimefika zote, hadi za kuku. Mwambie Gasper mate nimeyakwepa.

Nitaanza na kukugombeza, maana pole ukiipata kwanza utakaa nayo hapo barazani mpaka Ijumaa. Kufungia samaki zile karatasi halikuwa kosa kubwa. Magazeti yameisha, wateja wamesimama, karatasi zina maswali ya mtihani. Hata mimi ningezibeba. Kosa lako ni zile dakika za maharage. Mzee mwenye miguu mibovu amesingiziwa mbele yako na mjukuu wake, akakusitiri, na wewe ukamwacha akusitiri siku tisa. Unamwandikia Selestina kurasa nne wakati mtu wa kuambiwa kwanza amelala chumba cha pili.

Kwa hiyo leo, kabla hujawasha moto wa samaki, nenda kwa bibi Bhoke. Usipeleke sukari wala khanga, mkono uwe mtupu. Mwambie, "Mama, ni mimi." Yanatosha hayo, mengine anayajua.

Matrida akirudi mkalishe mbele ya bibi yake, sio kando, maana bibi alilaumiwa hadharani na asafishwe hadharani. Hapo usiangalie chini. Najua tulivyolelewa, na heshima ile ni nzuri, lakini mkubwa akikosa mbele ya mtoto, macho yake ndiyo yanayodaiwa. Atalia, atakukasirikia. Mwache. Usimwambie nyamaza, usimnunulie karatasi mpya siku hiyohiyo kana kwamba zile zilikuwa za dukani.

Unaogopa hatakuangalia tena. Mama, huyo mtoto ameona kidole ulichokificha hata siku ya harusi, na akakichora bila kukinyoosha. Mtu aliyekuangalia hivyo unadhani samaki watamshinda? Aliyeacha kuchora ni mjukuu anayeamini bibi yake alimchukia kwa kumwangalia. Muondolee hilo, mikono itatoka kwapani yenyewe.

Ndipo umtolee ile karatasi kutoka kwenye Biblia. Usiifute mafuta. Iende ukutani kama ilivyo, na kwa Mwalimu Felisian uende wewe, mlangoni safari hii, dirisha liache. Mwambie ulichofanya na mwambie ulichokiona kwenye kile kiti. Mwalimu anayefundisha watoto arobaini kuchora hewa kwenye migongo ya mitihani anahitaji kusikia kwamba kuna mama alirudi nyumbani analia kwa sababu ya somo lake. Hakuna mkaguzi atakayemwambia hivyo.

Siku zilizobaki hazitoshi mwezi mzima wa michoro. Zinatosha uso mmoja. Muombe bibi asiondoke kabla ya Ijumaa, na aangaliwe sawasawa, mchana, kwenye kiti, na Matrida akae mbele yake sio nyuma ya mlango. Ana meno manne. Yachorwe yote manne.

Na wewe mama, kuanzia leo, geuza kila karatasi kabla hujaiwekea samaki. Hata hii.

Selestina