Nilivyorudi Primeri kwa Ajili Yako

Whitehall, Columbus, Ohio

Mapendo, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi kwa umbali huu. Habari ya mgongo? Habari ya ule mguu wa kushoto unaojua mvua kabla ya redio? Na yule jirani yako wa kwaya, bado anaimba wimbo mmoja wakati wenzake wanaimba mwingine? Mimi nipo. Meno yamebaki kumi na moja lakini yote yanaelewana. Binti yangu Faila bado anafanya kazi ya kutunza wazee, halafu akirudi nyumbani anamkuta mzee mwingine anamngoja, tena huyu anatunzwa bure.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Najua umengoja jibu tangu mvua za kwanza na mimi nimekaa kimya kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Unasema Fundi Wilondja, yule mwenye cherehani karibu na soko la kambi, aliyefiwa na mke, amekuomba akuoe. Unasema na wewe unamtaka. Lakini ukiingiza mume kwenye dosie yako ya kuja Amerika, dosie inarudi mwanzo: mahojiano upya, vipimo upya, picha upya. Na mimi ndiye niliyekuambia miaka yote hii, “Mapendo, dosie usiiguse.” Sasa unaniuliza, “Kaka, niendelee kungoja au niolewe?”

Jibu liko huko chini. Usirukie mwisho. Nakujua, hata mchuzi wewe unaanza na nyama.

Bon. Kwanza nikueleze mambo ya hapa, maana jibu langu limepita humo. Hapa kuna vyama vikubwa viwili. Kila chama kinapeleka mtu mmoja tu agombee urais. Lakini wanaoutaka urais ndani ya chama kimoja wanajaa basi. Mmoja wao nadhani hata mke wake hakujua kama anagombea. Kwa hiyo kabla ya kupigana na jirani wanapigana kwanza wao kwa wao, watu wa nyumba moja. Wanapangwa kwenye televisheni, kila mmoja nyuma ya kimeza chake, wanachambuana mpaka unawaonea huruma mama zao. Halafu wananchi wanachagua mmoja, na wale wengine wanamkumbatia kama vile si wao waliosema jana kwamba hana akili.

Na hawapigi kura siku moja nchi nzima. Jimbo hili leo, jimbo lile baada ya majuma. Sisi wa Ohio tunatangulia. Buffalo aliko shemeji Etabo, mume wa marehemu dada yetu, wanafuata. Louisville aliko Mwalimu Asukulu, yule aliyefundisha kambini, unaikumbuka fimbo yake, wao wanafika wakati sahani zinaoshwa. Kila jimbo likipita, wagombea wawili watatu wanaanguka.

Sitakuambia chama changu. Barua hii inakuja kwa mkono wa mama mchungaji, na ninamjua, bahasha kwake ni pazia tu.

Katika wagombea wa chama changu kulikuwa na mama mmoja. Jina lake gumu, mimi namwita Mama Koti, kwa koti lake la njano ambalo sijawahi kumwona bila hilo. Alikuja Whitehall kwenye ukumbi wa kanisa letu kuomba kura. Wanawake walimpikia sombe ya majani ya muhogo na bugali. Wagombea wengine wakija wanagusa chakula kama wanapima homa. Yeye alikula, akamaliza, akauliza kama imebaki. Hapo nikasema, huyu tumsikilize.

Ukafika wakati wa maswali. Nikasimama. Faila akanivuta koti, “Papa, kaa chini.” Sikukaa. Nikamwambia atafsiri. Nikasema, “Mama, mimi nina mdogo wangu mmoja duniani. Yuko kambi ya wakimbizi, Kigoma. Miaka kumi na minne anaambiwa ngoja. Ukiwa rais, utamleta?”

Mapendo, nimesikia wanasiasa tangu enzi za chama kimoja kule kwetu, na wote wangesema ndiyo. Huyu hapana. Akasema, “Mzee, siwezi kukuahidi mtu mmoja, nitakuwa naongopa. Ninaahidi nitaufungua mlango uliofungwa kwa jamaa zinazongoja.” Kisha akatoa kalamu, akauliza mdogo wangu anaitwa nani. Nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti, mbele ya kanisa zima. Faila aliponiambia baadaye nikajua kwamba nilisahau N. Kwa hiyo kama kuna mtu anaitwa Mapedo huko kambini, amwandalie mama yule shukrani.

Toka siku ile nilikuwa na dawa ya barua yako. Nikasema sijibu kwanza. Nikampigie kura Mama Koti, ashinde, ndipo nimwandikie Mapendo: funga mizigo, na fundi atakufuata baadaye.

Sasa sikiliza ujinga wa kaka yako.

Jumapili moja mchungaji akatangaza, “Ndugu zangu, Jumanne ni uchaguzi wa primeri. Waliopata uraia waende wote.” Mimi nilikuwa mbele, kiti cha katibu wa baraza la wazee. Jasho likanitoka. Primeri! Wewe peke yako duniani unajua kwamba mimi shule ya primeri sikuimaliza. Wewe ndiye uliyekuwepo siku ile nilipomwekea mwalimu chura kwenye boksi la chaki, na baba akanipeleka shambani tangu kesho yake, darasa la tatu, nikabaki huko. Hapa kanisani wanajua nilimaliza la sita, lile la mwisho. Ndiyo maana wakanipa ukatibu. Sikuwadanganya. Waliuliza, nikakohoa.

Nikampigia simu Mwalimu Asukulu, Louisville. Nikamzungushia maneno. “Mwalimu, hivi huu uchaguzi wa primeri, mtu wa kawaida anaweza?”

Yule shetani akanielewa mara moja. Nilisikia kiti chake kikilia kwa furaha.

“Anaweza,” akasema. “Ila mzee wangu, bila buletini huwezi kupiga.”

“Buletini?”

“Buletini. Hakuna nchi watu wanapiga bila buletini.”

“Yangu ilibaki kwetu Fizi. Nyumba ilichomwa.”

“Donc utapewa hapo hapo. Wewe omba tu. Lakini ujiandae, ina maswali.”

Akaniuliza kama meza ya saba bado naikumbuka. Nikakata simu.

Mapendo, usicheke. Wewe pia umekulia hukohuko ambako buletini ni ile karatasi ya alama ambayo mtoto anaificha chini ya mkeka. Juma lile lote nilikaa mezani na daftari nikiandika saba mara moja, saba mara mbili. Saba mara nane ilinitesa mpaka nikaiota. Faila akauliza, “Papa, unahesabu nini?” Nikasema nahesabu siku za kuishi. Akaacha kuuliza. Ningeweza kubaki nyumbani na kusema magoti yanauma. Lakini kila nikitaka kuacha nakuona wewe umeshika ile barua ya dosie, pembe zake zimelainika kama kitambaa. Nikasema, hata wakinicheka nchi nzima, nitafanya mtihani huu.

Jumanne nikavaa suti. Mfukoni nikaweka penseli mbili na rula. Faila akanipeleka kwa gari, tukazunguka, tukasimama. Nikatazama nje. Shule! Shule ya watoto kabisa, na michoro ya vipepeo kwenye madirisha. Tukaingia, viti vifupi, meza fupi, ubao ukutani. Nikamwambia Faila, “Kumbe kweli.”

“Kweli nini, Papa?”

Tulikuwa kwenye foleni, na mbele yetu, hebu fikiri, wamesimama wazee wawili wa baraza letu, Baba Riziki na yule Mrundi mpole anayeshika sadaka. Zamu yangu ikafika. Mezani amekaa bibi wa Kizungu wa umri wangu, nywele nyeupe, miwani kwenye kamba. Akanitabasamia, akachukua kitambulisho changu. Nikaona heri niseme mwenyewe kabla hajaanza kupekua.

“Faila,” nikasema, “mwambie huyu mama asitafute buletini yangu. Mwambie niliishia darasa la tatu. Lakini meza ya saba ninaijua.”

Faila akanitazama kama vile nimevua suruali. “Papa, nini?”

“Mwambie!”

Na kwa kuwa nilipandisha sauti, foleni nzima ya watu wetu ilisikia. Darasa la tatu. Baba Riziki akageuka. Yule Mrundi akageuka. Faila naye akatafsiri, nadhani kwa sababu alikuwa hana nguvu ya kukataa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akamwambia Faila neno, Faila akaniambia, “Anasema hapa hawaulizi shule. Anauliza unataka karatasi ya chama gani tu.”

“Na buletini?”

Faila akachukua ile karatasi ya kura, akanipungia mbele ya pua. “Buletini ndiyo HII, Papa! Praimari si shule! Nani amekudanganya?”

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kiti cha Asukulu kilivyolia.

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanigusa kidevu, nikatafuta jina la Mama Koti, nikajaza kile kiduara polepole nikihakikisha wino hautoki nje. Nilichukua muda. Bibi alimzuia mtu aliyetaka kuniharakisha. Nilipotoka, Baba Riziki alikuwa ananingoja mlangoni. Nikajua ukatibu umekwisha. Akanishika mkono, akaniinamia sikioni, “Katibu, mimi niliishia la pili. Usimwambie mtu.” Nimekuambia wewe tu, na mama mchungaji bila shaka.

Asukulu alipiga simu jioni ile ile. “Mzee, umepata asilimia ngapi?” Nilimtukana kwa Kibembe, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

Lakini asilimia zilikuja kweli, mdogo wangu. Kesho yake zilikuwa kwenye televisheni, majina na namba, kama siku ya kutangaza matokeo pale shuleni na wazazi wote wamesimama uani. Mama Koti alishika namba tatu. Faila akanieleza kwamba namba tatu hapa haimsogezi mtu. Siku ya pili nilikuwa nakunywa uji, nikamwona amesimama jukwaani na koti lake la njano. Akawashukuru watu, akasema anajitoa. Sauti haikukatika, lakini alishika ukingo wa kimeza namna mama alivyokuwa akishika mlango baba akichelewa kurudi. Nikaacha uji. Nikamwambia, kwa Kiswahili, pale kwenye televisheni, “Pole, mama. Hata wewe hukumaliza primeri.”

Shemeji Etabo kule Buffalo anasema jina la mama yule bado litakuwa kwenye karatasi siku yao ikifika, na atampigia vilevile, kwa kichwa chake kigumu. Asukulu wa Louisville hakutania safari hii. Alisema tu, “Pole, ndugu. Najua ulikuwa unamfanyia Mapendo.”

Sasa jibu lako.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Wale walioshinda wataendelea kushindana, kisha chama kwa chama, kisha rais mpya, kisha labda mlango, labda ukuta. Sijui. Kila mwaka nilikuambia ngoja kidogo, na nilisema hivyo kama mtu anayejua kitu, kumbe nilikuwa nakohoa tu kama nilivyokohoa kwa wale wa baraza. Dosie nilikukataza kuigusa kwa kuwa mimi ndiye ninayeogopa kufa huku bila kukuona. Hiyo ndiyo kweli yake. Umeishi miaka kumi na minne kama mtu aliyekaa juu ya sanduku barabarani, na mimi ndiye niliyekuambia usisimame.

Simama, Mapendo. Olewa. Nenda kamwandikishe fundi kwenye dosie, jina lake lote, na ikirudi mwanzo irudi, mtangoja wawili, na kungoja kwa wawili kuna mtu wa kukuchotea maji. Mimi nina pasipoti sasa. Faila ameanza kuniulizia safari ya kuja Kigoma, na kwa kunitania ananiuliza, “Papa, huko kuna mtihani?”

Nisalimie mama mkwe wako wa kwanza, mama wa marehemu mume wako, mwambie simlaumu kwa lolote ila ule ugali. Nisalimie shangazi yetu kipofu, umpapase mkono kwa niaba yangu. Wasalimie wajukuu wa marehemu dada, na mzee wa kanisa aliyenibatiza mara mbili kwa kusahau. Jirani wa kwaya msalimie kwa sauti ya chini, asije akajibu kwa wimbo.

Na fundi mwambie hivi: baba hayupo, kaka mkubwa ni mimi, na mahari sijaisamehe. Sitaki ng'ombe. Nataka suruali moja ya harusi, aishone mwenyewe. Ndani ya bahasha utakuta kamba ya katani yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza hadi la pili ni kiuno changu. Mwambie aache nafasi kidogo, maana nitakula.

Mimi kaka yako wa darasa la tatu,

Alimasi