Seli Zilizochemshwa

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 2 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi ni wazima, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Mama hajambo, presha imeshuka, maneno yamepanda. Mimi mwili ni mzima, ila nimekasirika, na sehemu ya hasira hii ni yako. Simu zangu hupokei tangu Jumatano, kwa hiyo soma.

Mdogo wetu Spana bado yuko wodini. Alipoanguka kwenye shimo la lifti aliyokuwa akiitengeneza, mfupa wa muundi ulisagika, wakatoa kipande cha urefu wa vidole vitatu. Ni wewe uliyetuelekeza kwa daktari mliyesoma naye. Alitueleza vizuri: angechota uboho kwenye nyonga ya Spana, maabara ichuje seli shina, izipande kwenye kiunzi, kijidude cheupe chenye vitundu kama sifongo. Kiunzi kinaziba pengo, seli zinajishika humo na kujenga mfupa, nacho kinayeyuka taratibu. Tukakubali.

Miezi saba baadaye pengo ni lile lile. Daktari akasema mwili wa Spana umegoma, kwa sababu ya sigara. Ukapiga simu ukamkaripia hadi wodi nzima ikasikia. Kaka, aliacha sigara mwaka mzima kabla ya kuanguka. Hukuuliza.

Mimi niliuliza. Kiunzi kilitoka maabara ndani ya kopo la maji maalumu, seli zikiwa hai. Msimamizi wa vifaa vya upasuaji ana kanuni moja: hakiingii kitu kwenye chumba kile bila kupita kwenye mashine ya mvuke. Akafungua kopo, akakitia kiunzi mashineni pamoja na mikasi na koleo. Nyuzi joto mia moja thelathini na nne, dakika kumi na nane. Ameyaandika hayo daftarini kwa mwandiko safi.

"Dada, nani aliniambia kina uhai?" alisema. "Mimi kitu kikitoka nje, nachemsha!"

Huyo simlaumu sana. Chini yake ameandika: *Daktari amearifiwa. Amesema tuendelee.* Kwa hiyo rafiki yako alijua anapandikiza kiunzi chenye seli mfu, akamshona mdogo wetu, kisha akamsingizia sigara.

Nilimfuata ofisini. "Mama mwandishi, haya ni mambo ya kitaalamu, utayachanganya," akasema. Nikamsomea mstari ule. Akasema basi, wewe Kaka alishakueleza yote Jumatano, na ulimwahidi kunituliza. Kumkaripia Spana kabla hujajua nakusamehe. Hizi siku nne za kimya, hapana.

Wanataka kuukata mguu chini ya goti Alhamisi ya tarehe 27. Fomu iko mezani, hatujaitia sahihi. Daktari bingwa wa hospitali nyingine ameziona picha: hakuna usaha, mfupa juu na chini ni mzima, na anaweza kuanza upya na seli hai. Anataka faili. Rafiki yako amelikalia. Mimi ananifungia mlango. Wewe hawezi kukufungia. Mpigie, alitoe. Akikataa, uandike ulichoambiwa Jumatano, utie sahihi yako, unitumie. Habari yenyewe nitaichapisha kwa vyovyote vile, usijisumbue kunibembeleza.

Jana nilimweleza Spana yote. Alicheka hadi muuguzi akaja. "Kumbe nimebeba supu miezi saba!" Kisha akageukia ukutani akauliza kama wewe ulijua. Nilimwambia akuulize mwenyewe. Tangu hapo halali bila simu mkononi.

Wasalimie wifi na binti yenu. Mama anakuombea, hajui bado, na sitamficha akiuliza. Mungu akupe afya, na akufungue kinywa kabla ya tarehe 27.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Mdogo wako, mwandishi