Sato wa Mama Magesa

Jumanne, Igogo.

Siku tisa nimempelekea mke wangu sato wodini, mkubwa kuliko wote pale mwaloni, sokoni kwa samaki. Sangara nawaachia wenye viwanda. Nilijua atapata nguvu. Nani Mwanza hii anamjua samaki kuliko mimi?

Leo daktari, binti mdogo tu, kanisimamisha mlangoni. "Shikamoo babu. Huyo samaki sasa basi." Eti ini la Mama Magesa limekufa, halisafishi tena damu. Samaki na nyama vinaacha sumu, sumu inapanda kwenye ubongo. Ndiyo maana anapotea akili.

Nikamwambia, "Nimevua ziwa hili wewe hujazaliwa! Basi toeni ini langu mumwekee." Akasema kazi hiyo iko Ulaya, na hata huko, wakipasua, wanachunga sana damu inavyokwenda kichwani, maana wengine hawaamki.

Nilibisha, kisha nikamtazama sato niliyembeba. Ni mimi niliyekuwa namlisha. Kwa mkono wangu, namtolea na miiba...

Nikaingia wodini. Kaniangalia kwa adabu, kama mgeni.

"Shikamoo mzee. Umemwona mume wangu huko nje?"

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia anakuja.