Nilifungua Mkono Kwenye Sekunde ya Saba

Mpendwa Mama Verdell, naomba ushauri wako wa gazetini, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho.

Mimi ni mpanda fahali wa kulipwa, nina miaka thelathini na nne, na kwa kazi yetu huo ni uzee, nimevunjika mtulinga mara mbili na mbavu nimeacha kuzihesabu, na binti yetu Josie wa miaka sita akinichora shuleni hunichora mkono ukiwa umening'inizwa kwenye kitambaa, anadhani ndivyo nilivyoumbwa. Mwaka juzi mke wangu Twila aliniuliza, "Mume wangu, utaacha lini?" nami kwa kutaka yaishe nikamwapia kwamba siku nitakayomkalia Jumatatu Asubuhi sekunde nane kamili, natundika kamba ya kupandia, naacha kabisa. Huyo Jumatatu Asubuhi ni fahali, mweusi, wa pembe moja, na hajatokea mtu wa kumaliza naye hizo nane za kupata alama, kwa hiyo niliona nimeapa kiapo cha bure.

Basi Jumamosi iliyopita kura ikaniangukia yeye, geti likafunguliwa, na Mama, sijui nikueleze vipi, siku hiyo tulipatana, kila akigeuka nami nimeshageuka, nikajua mwilini kwamba leo huyu ni wangu, halafu kwenye sekunde ya saba nikakumbuka kiapo, nikajiona nauza matrekta dukani kwa shemeji yangu mpaka nife, na vidole vikafunguka kwenye kamba. Hakuniangusha. Niliachia mwenyewe.

Twila ndiye mshika saa wa mashindano yetu, kama walivyo wake wengi wa wapanda fahali, akaandika saba nukta sita. Garini akaniuliza, "Nini kilikutoa?" nikamwambia, "Alinivuta bega," akasema, "Sawa," na tulipofika nyumbani akanikaangia nyama na mchuzi mweupe ninaoupenda, akanifunga barafu begani, bega zima lisilo na hata mkwaruzo, nikakaa nayo saa nzima ikinichuruzikia mgongoni. Na jana nimekuta kofia yangu kitandani, na unajua kofia kitandani ni mkosi, hakuna mwenye akili anayepanda fahali wiki hiyo, na kwa miaka tisa Twila hajawahi kusahau hata siku moja, nikaona maskini amechoka mpaka anasahau, roho ikaniuma zaidi. Jumamosi hii nina fahali mwingine wa kupanda. Nimwambie ukweli, au ninyamaze mpaka nimpande Jumatatu Asubuhi kweli?

Ni mimi, Bega Zima, Oklahoma.

*

Bega Zima mwanangu,

Umeficha jina lako, ukataja la mke, la mtoto na la fahali. Kaunti nzima imeshakujua. Ndiyo maana nakala hii nimekuletea mwenyewe leo Jumanne, nikaibandika kwenye kioo cha gari lako. Gazeti linatoka Alhamisi.

Kwanza pole. Marehemu mume wangu Orval alipanda miaka kumi na minane, na alipoacha alikaa barazani miezi miwili akiikunja kamba na kuikunjua. Najua unachokiogopa, wala si kitu kidogo.

Lakini hebu nikuulize. Mshika saa huangalia nini? Haangalii fahali, haangalii kofia yako ikiruka. Anaangalia mkono, maana mkono ukitoka kwenye kamba ndipo anabonyeza. Mwanamke ameangalia mikono ya wapanda fahali miaka tisa, nawe unamwambia habari za bega. Aliona vidole vyako vikifunguka kabla wewe hujagusa vumbi. Alikuuliza garini ili akupe nafasi, ukampa uongo, naye akakupa barafu. Ningekuwa mimi ningekumwagia ndoo nzima.

Na kofia hakuisahau. Mke wa mpanda fahali anaweza kusahau mtoto shuleni, kofia hasahau. Ameiweka pale kwa sababu amechoka kukuuliza, na anataka angalau Jumamosi moja usipande.

Kwa hiyo Jumamosi hupandi, hilo tusijadiliane. Na kiapo cha fahali kifute. Yule mnyama hajui kama uliapa, usimtwike ndoa yako. Kuacha au kutoacha mtaamua wewe na Twila, na kama ukweli wako ni kwamba hutaki kuacha, mwambie hivyo, akulilie au akufokee, ana haki zote mbili.

Leo jioni ondoa kofia kitandani, keti palepale ilipokuwa, umwite. Sema: "Niliachia mwenyewe. Naogopa kuacha. Nisamehe." Nimeyapima maneno hayo kwa saa yangu ya jikoni, nikiyasema polepole, na hayafiki sekunde nane. Usifungue mkono kwenye ya saba.

Mama Verdell