Binti Yangu Aliweka Saini, Kisha Akanyamaza

Mpendwa mshauri, hapa kambi ya polisi sina wa kumuuliza, kwa hiyo naomba msaada kwako usiyenijua. Mimi ni sajini wa polisi hapa Kasese, na binti yangu, nitamwita Immy, ana miaka kumi na sita, alikuwa shule ya bweni huko Bwera mpaka muhula uliopita walipomrudisha nyumbani kwa sababu ya kunywa waragi, ile pombe kali, na mama yake anasema kabla ya waragi alikuwa ameshaacha kula na kucheka, mimi sikuona, nikamchapa, haikusaidia, basi tukampeleka hospitali, wakamkabidhi kwa mshauri wao, Sista Kansiime, ambaye huzungumza naye kila Alhamisi, saa nzima, mlango umefungwa.

Mwezi wa kwanza tuliona nafuu, akaanza kula, akanywa mara moja tu, lakini nilitaka kujua wanazungumza nini, na Sista akanijibu, "Afande, hapa hakuna mushitakiwa," basi kila Alhamisi jioni nikawa namkalisha Immy mezani, namuuliza, naandika majibu kama tunavyoandika maelezo kituoni, naye anaweka saini kila ukurasa. Alhamisi ya nne akasema pombe aliuziwa na Tsongo, mwenye duka karibu na geti la kambi. Kesho yake asubuhi nilimkamata Tsongo, na kufika mchana kambi nzima ilijua nani kasema, vijana wakawa wanamzomea bombani, "Immy wa CID! Musiongee, iko anaandika!" Tangu hapo hataki kwenda kwa Sista, amerudia kunywa, nikimuuliza neno ananijibu, "Uliza karatasi yako, afande," haniiti tena baba, na juzi alimwambia mama yake kwamba angefurahi asubuhi moja asiamke. Mke wangu analaumu karatasi, mimi naona Sista ameshindwa kazi. Je, nimtafutie mshauri mwingine aliye mkali?

Baba, Kambini

Afande,

Kwanza hayo aliyomwambia mama yake. Mpigie Sista Kansiime leo, usingoje Alhamisi. Immy asiachwe peke yake, dawa zote zifungiwe, na bunduki yako ilale ghala la silaha kituoni. Mama yake amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi mtoto wazo jipya. Akikubali, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Sista hakushindwa. Barua yako mwenyewe inasema mtoto alianza kula na alikunywa mara moja tu. Kazi iliharibikia mezani kwako. Immy anakunywa ili asiisikie huzuni, na pombe ikimtoka huzuni inarudi imeongezeka. Ndiyo maana Sista anayashughulikia yote mawili pamoja, kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo yanahitaji mahali ambapo mtoto anaweza kusema jambo la aibu bila kuliona likitembea kambini. Maisha yake yakiwa hatarini, Sista atakuambia. Mengine si yako.

Najua ulitenda kwa hofu ya mzazi. Hofu hiyo naiheshimu, ila haikupi ruhusa ya kumhoji mgonjwa.

Anayewauzia watoto pombe akamatwe, sina ugomvi. Lakini ungeweka mtu karibu na duka hilo siku mbili, ungempata Tsongo bila kutumia mdomo wa binti yako. Hiyo kazi unaijua kuliko mimi.

Halafu, umeandika mengi kuhusu pombe ya Immy, lakini hukuandika hata mstari mmoja kuhusu yako. Kama kuna chupa nyumbani, itoke.

Mshauri mkali wa nini? Ukali mtoto anao wa kutosha nyumbani. Mrudishie karatasi zote, azichane au azitunze, shauri lake. Muombe radhi mbele ya mama yake, na usiongeze neno "lakini". Anaweza asikujibu. Usimlazimishe. Mwambie Sista yaliyotokea, mwenyewe, kwa mdomo wako, ili Immy asibebeshwe kazi ya kukushitaki.

Immy akikubali kurudi, vua sare, mpeleke, ukae nje kwenye benchi. Akitoka, muulize kama ana njaa. Usiulize lingine.