Vyombo Viwili Visivyo na Macho

Mbwajumali, Mfungo Tano, mwaka 1329 wa Hijra

Kwa ndugu yangu mpenzi, kitindamimba wetu, Yunusi bin Kamaludin, aliyeko Unguja. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, ukitaka kujua hali yetu, tunakula, tunalala, na kisima hakijakauka, alhamdulillahi. Je, kile kikohozi cha msimu uliopita kimekuacha? Mama anakuulizia kila baada ya sala, kisha anasahau nililomjibu na kuniuliza tena. Ukungu wa macho yake umezidi. Sasa ananijua kwa hatua zangu. Nakuandikia kwa mkono wangu, sikumwendea mwalimu anisaidie, na sababu utaiona ukifika chini.

Najua kaka zetu wawili, Bwanamkuu na Famau, wamekuandikia, kila mmoja akikutaka uwe upande wake. Usimjibu yeyote kabla hujanisoma mimi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi, Yunusi, nimelima hadi mpini umevunjika. Nimechoka.

Unamkumbuka baba. Mtepe alioushona kwa kamba, bila msumari hata mmoja, ukitoka mkononi mwake, watu wa Kizingitini na hata wa Amu hawakuwa na haja ya kuuliza umejengwa na nani. Walitazama yale macho aliyoyachora mbele ya chombo, omoni, duara jeupe, mboni nyeusi na utepe mwekundu kuzunguka, wakasema hicho ni chombo cha Kamaludin. Alipofariki, Bwanamkuu alibaki kwenye uwanja wake, na Famau akahamia upande wa mikoko, mwendo wa kuitana tu. Kila mmoja akajenga mtepe, akachora macho yale yale, akatangaza kuwa chombo cha Kamaludin ni chake na cha mwenzake ni cha kuiga. Bwanamkuu anasema jina hukaa pale lilipozaliwa. Famau anasema jina hukaa mkononi, na mkono wa baba aliurithi yeye, kwa kuwa mwenzake alikuwa akishona huku anasinzia. Bwanamkuu naye anajibu kuwa mbao za Famau zimepangika kama meno ya bibi kizee. Na kamba za makumbi walizoshonea vyombo vyote viwili nimezisokota mimi, kwa makumbi yaliyolowekwa shimo moja. Hilo hakuna aliyelitaja.

Sasa sikia aibu yetu. Wajua kuwa chombo hakishuliwi majini na watu wa nyumba moja. Mji mzima hushika kamba. Yalipokuja maji makubwa ya bamvua, Bwanamkuu aliwaalika watu, wali ukapikwa, zumari likalia. Watu wa Famau hawakuja. Walikaa barazani wakisema hawavuti jina la wizi. Mtepe ukateremka hadi katikati ya ufuo, ukagoma. Bamvua lililofuata ikawa zamu ya Famau, yakamkuta yale yale. Basi vyombo viwili vikabaki mchangani vikitazamana, jua la kaskazi linavikausha, mbuzi wanalala chini yake. Mtepe ukikauka kupita kiasi mishono hulegea, na mtepe uliolegea mishono ni kuni. Jirani yetu Bi Hadia alinitania kuwa watu wengine hufuga mbuzi, lakini sisi tunawajengea majumba. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia.

Akaja Bwana Abdulghafur, mfanyabiashara wa Amu, akitafuta vyombo vya kupeleka boriti huko Unguja. Aliuliza kipi ni cha Kamaludin. Wakajibu wote wawili kwa pamoja. Akasema yeye hapakii boriti kwenye jina, anapakia kwenye chombo kilicho majini, na bamvua lijalo likipita atawapa kazi mafundi wa Amu, wale wapigao misumari. Mitepe yenyewe siku hizi inaagizwa na wachache. Hivi viwili vikiozea ufuoni, nani atatuagiza mtepe wa tatu? Kazi ya baba ingekwisha pale pale, machoni petu.

Mama aliwaita waje wale sinia moja. Bwanamkuu alikuja adhuhuri. Famau alikuja alasiri, baada ya kuhakikisha mwenzake ameondoka. Mama aliwaambia nti hii ni ndogo, na yeye hana miili miwili ya kuzikwa na kila mtu kivyake. Wakambusu mkono, wakaenda zao.

Hapa ndipo nilipotaka ufike. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nilichukua tezo la baba, nikajitanda leso, nikaenda ufuoni. Nilianza na chombo cha Bwanamkuu. Nikayachonga macho yote mawili hadi ukabaki mti mtupu, kisha nikaenda kwa cha Famau nikafanya vivyo hivyo. Sikuwa na hasira. Hasira yataka nguvu. Nilijiambia tu kuwa na mimi ni mtoto wa Kamaludin, na katika ugomvi wote huu hakuna aliyewahi kuniuliza jina hili ni la nani.

Waliporudi kutoka msikitini zilipigwa kelele za kusikika Pate. Kila mmoja alishika rungu kumwendea mwenzake, na kila mmoja akakuta chombo cha mwenzake nacho ni kipofu. Marungu yakashuka. Nadhani kila mmoja aliwashuku watu wake mwenyewe, akaona haya. Hata kuchora upya hawakuthubutu, maana atakayeanza angeambiwa ndiye aliyefuta ya mwenzake. Wazee walinung'unika kuwa chombo kisicho na macho hakioni ndia. Bwana Abdulghafur akasema nahodha anayo.

Asubuhi ya bamvua, kabla maji hayajajaa, mama alinitaka nimpeleke akaviguse. Njiani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia yaliyofanyika, aliniuliza kama macho yametoka vizuri, kama ya baba. Nikamwambia yametoka vizuri. Alinyoosha mkono, akapapasa omo, akakaa sana pale palipochongwa. Kisha akashika kiganja changu, akapitisha kidole kwenye malengelenge. Miaka yote amenijua kwa sugu za kamba, na haya hayakuwa ya kamba. Tuliporudi nyumbani alilitoa tezo ukutani, akalisukuma chini ya kitanda chake.

Maji yalipojaa hapakuwa na wali wala zumari. Famau alikuja, akashika kamba ya Bwanamkuu, na watu wake wakamfuata. Kisha wote wakaenda kuvuta cha Famau. Vikaelea vyote viwili, na hakuna aliyetaja jina.

Usidhani wamepatana. Sinia bado ni mbili. Ila jana Famau alituma mtu kuomba mafuta ya papa ya kupaka mbao, na Bwanamkuu akampa bila maneno.

Vyombo vinakuja huko kwako. Ukiona mitepe miwili mipya isiyo na macho, usiulize kipi ni cha nani. Gusa ubao wa chochote kati ya hivyo, umsalimu baba.

Barua hii ukishaisoma ichome. Mama anakuombea, na Bi Hadia anauliza utaoa lini. Mola akulinde, akurudishe kwetu ungali unatambulika.

Ni mimi dada yako,
Mwanamkisi binti Kamaludin