Kila Niliyemtaja Alikufa

Kibaigwa,
Jumatatu asubuhi

Mke wangu Mama Tumaini,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi la mahindi. Mama anaendeleaje na kifua? Na Tumaini, bado anagombana na hesabu? Mimi ni mzima, ukiacha kiuno. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenicheka kabla sijamaliza.

Unajua nilivyochoka kubeba magunia hapa sokoni. Kwa umri huu, gunia ndilo linalonibeba mimi. Sasa kuna mama anaitwa Mama Chilewa, ana banda la kuonyesha video, na mtafsiri wake, wa kuwasimulia watu filamu kwa Kiswahili, amehamia Dodoma mjini. Nikamwambia Kiingereza nakijua. Najua unacheka. Akasema nitafsiri filamu moja Jumapili mchana: watu wakikaa hadi mwisho, kazi ni yangu, wakitoka, nirudi kwenye magunia.

Ilikuwa filamu ya Waingereza ya upelelezi. Jumba kubwa, tajiri kauawa, mpelelezi kavaa koti refu. Jumamosi nilijaribu kuitazama, umeme ukakatika tajiri alipokufa tu. Wala hakuna aliyeniambia kwamba wenyewe wameitengeneza kuwacheka wapelelezi wao.

Huku mtafsiri huwadokezea watu mapema mbaya ni nani, wajue filamu ameimaliza. Nikashika kipaza sauti nikatangaza kuwa muuaji ni mpishi. Macho yake kama ya kaka yako Zakaria. Haikupita muda, mpishi akakutwa kichwa ndani ya sufuria ya supu.

Dalali mmoja wa mahindi, jitu la watu limekaa mbele kabisa, akauliza kwa upole kama marehemu amejiua mwenyewe. Nikasema alikuwa na mwenzake, yule bibi wa ghorofani. Bibi akaporomoka ngazi. Nikamhamishia kesi mtunza bustani. Akaangukiwa na sanamu. Jasho linanitoka, na mpelelezi yuko pale anamhoji maiti.

Akatokea msichana wa kufua nguo, sura nzuri, mpole. Nikavuta pumzi niseme. Yule dalali akasimama, mikono kifuani.

"Mtafsiri, tunakuomba. Huyu usimtaje. Mwache aishi."

Banda zima likaangua kicheko. Nikanyamaza, na msichana akaishi kweli. Kuanzia hapo wakawa wananiletea maombi: mtaje yule mwanasheria, anajidai sana. Namtaja, sijameza mate, kashakufa. Kufika mwisho, kumbe muuaji ni mpelelezi mwenyewe. Alimuua tajiri kwa bahati mbaya, akasahau. Hakutoka mtu, hata waliobanwa na mkojo.

Mama Chilewa alinisubiri mlangoni, anafuta machozi ya kicheko kwa upande wa kanga.

"Kazi umepata," akasema. "Ila nikikukuta unaitazama filamu kabla ya watu, unarudi kwenye magunia."

Nisalimie mama mkwe wako, umwambie nimepata kazi ya kukaa kwenye kiti. Msalimie mjomba Ezekieli fundi baiskeli, na dada yako Restituta wa kwaya. Tumaini mbusu paji la uso.

Ni mimi mumeo, nisiyejua Jumapili nitamuua nani,

Baba Tumaini